Feni ya kuchaji imegoma: fungua upime kabla hujanunua betri

Feni ya kuchaji ikigoma, neno la kwanza utakalolisikia mtaani ni "betri imekufa hiyo". Mara nyingi ni kweli. Ila betri haifi bure. Ama umri wake umefika, ama iliachwa tupu miezi kadhaa, ama chaja imekuwa ikiichemsha kila siku bila mtu kujua. Ukibadilisha betri bila kujua ni lipi kati ya hayo, betri mpya itapita njia ile ile ya mwenzake. Na kuna jambo linaloniuma zaidi: zipo feni zinazoishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu zikiwa na betri nzima kabisa, shida yake ni waya uliokatikia shingoni au mguu wa soketi ya chaji ulioachia kwenye bodi ya saketi. Hiyo ni kazi ya nusu saa.

Nazungumzia hapa feni za mezani na za kusimama zenye betri ya risasi na asidi, ya volti 6 au 12, iliyofichwa ndani ya kitako; zile zinazopangwa nje ya maduka Kariakoo, Dar es Salaam, joto la Desemba likianza kubisha. Zile ndogo za lithiamu zina sehemu yake huko mbele, kwa sababu hatari yake ni tofauti.

Vifaa: bisibisi ya nyota na ya bapa, plaizi ndogo, brashi ya rangi iliyo kavu, tepu ya umeme, pasi ya kulehemu na risasi yake, na multimita (mita ya kupimia umeme). Multimita ya bei ya chini inatosha. Bila multimita usianze, maana utakuwa unabahatisha tu, na kubahatisha ndiko kunakomfanya mtu anunue betri asiyoihitaji.

Kabla hujashika bisibisi

Jaribu soketi nyingine ya ukutani. Kama feni ina plagi ya pini tatu za mraba, ndani ya plagi kuna fyuzi. Ifungue uipime kwa kipimo cha mlio cha multimita: ikilia, fyuzi ni nzima. Ikiwa imeungua, weka ya ampea 3. Feni haihitaji ya 13, na ukiiweka hiyo, siku waya wa ndani ukigusana fyuzi itachelewa kukata.

Kisha iangalie feni ikiwa imechomekwa na ikiwa imechomolewa. Ikizunguka kwenye umeme na kuzima mara unapochomoa, mota na swichi ni nzima. Mtuhumiwa ni betri, nyaya zake, au fyuzi ndogo iliyo kwenye waya mwekundu wa betri. Isipozunguka popote lakini taa zake za mwanga zinawaka vizuri, betri ina kitu, na wewe elekea kwenye shingo, mota na swichi ya spidi. Ikiwa kimya kila kitu, anzia pale umeme unapoingilia. Lakini kumbuka kwamba baadhi ya feni hizi haziwezi kuzungusha mota kwa umeme wa chaja peke yake. Chaja yake ni ndogo, mzigo unabebwa na betri. Kwa hiyo feni iliyo kimya hata ikichomekwa bado inaweza kuwa na betri mbovu tu.

Kuifungua

Chomoa kwenye umeme. Zima swichi. Piga picha kwa simu kila hatua, hasa mahali kila waya ulipochomekwa.

Kama kazi iko kwenye mota, ondoa wavu wa mbele kwanza: kuna vibanio pembeni na kwa kawaida skrubu moja ndogo chini. Kisha panga. Nati ya plastiki inayoshika panga kwenye feni nyingi ina uzi wa kinyume: inafunguka ukiizungusha kulia, mwelekeo wa saa. Wengi huizungusha kushoto kwa nguvu hadi inapasuka, na nati hiyo haiuzwi kila mahali. Nati ya nyuma inayoshika wavu huwa ya kawaida.

Kama kazi iko kwenye kitako, kigeuze juu chini juu ya kitambaa. Skrubu usizoziona ziko chini ya vipande vya mpira vya miguuni au chini ya stika. Usitie bisibisi pembeni na kung'oa kabla hujahakikisha zote zimetoka. Kikiachia, kifungue taratibu, maana nyaya za taa na swichi mara nyingi zimefungwa upande mmoja na betri upande mwingine.

Ndani, tenganisha betri kwanza. Vuta kichwa kimoja cha waya, kizungushie tepu, ndipo uvute cha pili. Betri hii ndogo haitakurusha, lakini waya mwekundu ukigusa mweusi inatoa mkondo wa kutosha kuuchoma waya hadi uwe mwekundu na kuyeyusha plastiki mkononi mwako.

Halafu uangalie umeme wa ukutani unaingiaje. Hapa ndipo penye hatari ya kweli, kwa hiyo usipite haraka. Kuna namna tatu. Ya kwanza, chaja iko nje, kama ya laputopu, na kwenye feni panaingia umeme mdogo tu. Hiyo ni salama kupima ikiwa imechomekwa. Ya pili, kuna transfoma ndani, iwe ile nzito ya chuma au ile ndogo ya bodi ya kisasa. Ya bodi ya kisasa ina kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji) kubwa inayokaa na volti kama 325 na inaweza kubaki nazo hata baada ya kuchomoa. Ipime, na kama bado ina chaji, itoe kwa rezista ya kilo-omu 10 yenye wati 5, siyo kwa ncha ya bisibisi. Ya tatu ndiyo mbaya: hakuna transfoma kabisa, kuna kapasita moja bapa yenye rangi ya njano au kahawia karibu na waya wa umeme, imeandikwa kitu kama 105J 400V. Kwenye namna hii kila kitu ndani, pamoja na vichwa vya betri, kinaweza kuwa na umeme wa volti 230 kikiwa kimechomekwa. Usiipime ikiwa hai. Vipimo vyote vifanye baada ya kuchomoa, basi.

Inachaji usiku kucha, inazima baada ya dakika kumi

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na hapa multimita inasema wazi.

Ichaji feni hadi mwisho, ichomoe, iache ipumzike masaa matatu hivi, kisha pima kwenye vichwa vya betri. Betri nzima ya volti 12 itasoma karibu 12.7 au zaidi kidogo. Ya volti 6 itasoma karibu 6.4. Sasa washa feni kwa spidi ya juu huku vidole vya mita vikiwa bado vimegusa vichwa. Namba itashuka kidogo na kutulia. Ikiporomoka kutoka 12.6 hadi 9 ndani ya sekunde chache, hiyo betri haina nguvu, hata kama bila mzigo ilionekana nzima. Kipimo hiki cha chini ya mzigo ndicho cha kuamini. Fundi anayepima betri bila kuiwekea mzigo na kukwambia "iko poa", mwombe aiwashie feni.

Namba nyingine ya kukumbuka: betri ya volti 12 ina seli sita, na kila seli iliyojaa inatoa kama volti 2.1. Ukikuta betri iliyochajiwa usiku mzima inasoma karibu 10.5 na haipandi, seli moja imekufa. Kwa ya volti 6 yenye seli tatu, utaona karibu 4.2. Hakuna dawa ya hapo.

Na kama namba inabaki juu, tuseme 12.2 chini ya mzigo, huku feni ikijizima yenyewe? Basi betri haina kosa. Angalia vichwa vya nyaya. Hapa kwetu pwani hewa ina chumvi, na kwa wanaokaa Kigamboni, Msasani au Kunduchi vichwa vya betri hula kutu ya kijani hata feni ikiwa ndani ya nyumba. Kwa nje kichwa kinaonekana kimekaa vizuri, lakini ukikivuta kinatoka bila kubana na ndani yake kuna unga. Mkondo mdogo wa taa unapita. Mkondo wa mota haupiti, kichwa kinapata moto, feni inazima. Sugua kwa msasa laini, kibane kidogo kwa plaizi ili kishike, kirudishe. Unga mweupe ukiwa umesambaa kwenye plastiki, huo ni wa asidi: futa kwa kitambaa chenye maji na bekingi soda, usiuguse kwa mkono mtupu wala kuupuliza.

Dalili ndugu yake: taa ya chaji inabadilika kuwa ya kijani dakika chache tu baada ya kuchomeka. Watu hufurahi wakidhani betri inajaa haraka. Hapana. Sahani za risasi zimeganda chumvi ngumu kwa sababu betri ilikaa tupu muda mrefu, na sasa haipokei tena. Betri ya namna hiyo ni kama mtungi uliojaa mchanga. Maji kidogo tu yanafika mdomoni. Chaja inaona volti zimepanda, inaamini kazi imekwisha.

Wapo mafundi wanaofumua kofia za juu na kuongeza maji ya betri. Huamka wakati mwingine, kwa siku kadhaa. Mimi sishauri. Ndani mna asidi, kofia hazirudi kubana kama mwanzo, na feni yenyewe huwekwa karibu na kitanda cha mtoto. Kama betri ya volti 12 ilikaa miezi ikiwa chini ya volti 8, achana nayo.

Nani aliyeua betri?

Ukishathibitisha kwamba betri imekufa, usikimbilie dukani. Kama chaja ni ya nje au kuna transfoma ndani, chomeka feni na upime kwenye vichwa vya betri wakati inachaji.

Namba ikibaki pale pale ilipokuwa kabla ya kuchomeka, chaji haifiki. Betri ilikufa kwa njaa. Nenda sehemu inayofuata.

Ikipanda taratibu hadi kati ya 13.5 na 14.4 kwa betri ya volti 12, au kati ya 6.8 na 7.2 kwa ya volti 6, chaja iko sawa. Betri ilikufa kwa uzee au kwa kuachwa tupu. Ukiona baada ya masaa mengi imepita 15, au 7.5 kwa ndogo, na bado inapanda, umempata mhalifu: chaja haikati. Betri inachemka, maji yake yanakauka, mwisho inavimba. Kwenye joto la Dar mchakato huo unakwenda mbio, kwani kila nyuzi joto 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wa betri ya risasi kwa karibu nusu. Feni inayoachwa imechomekwa wiki nzima "ili umeme ukikatika iwe tayari" ndiyo inayoumia kuliko zote.

Dawa ni kumpa fundi aweke bodi ndogo ya kudhibiti volti iliyosetiwa 13.8, au 6.9 kwa betri ya volti 6. Ukishindwa hilo, chomoa kila baada ya masaa kumi hivi na usiiache tena usiku na mchana.

Taa ya chaji haiwaki kabisa

Kwa feni yenye chaja ya nje, pima kwanza chaja yenyewe kwenye ncha yake. Isipotoa kitu, pinda pinda waya karibu na ncha na karibu na kichwa. Namba ikiruka ruka, waya umekatikia ndani ya plastiki na kukata sentimita chache kisha kulehemu upya kunatosha.

Chaja ikiwa nzima, geukia soketi iliyo kwenye feni. Itoe bodi, igeuze, na uishike kwa pembe chini ya mwanga mkali. Tazama miguu ya soketi pale ilipolehemiwa. Mguu ulioachia una duara jembamba jeusi kuuzunguka, kama uzi, kati ya chuma na risasi. Ukiusukuma kwa ncha ya kijiti unacheza. Hilo hutokana na kuchomeka na kuchomoa kila siku, na linaporekebishwa kwa kuweka risasi mpya yenye joto la kutosha, feni inafufuka hapo hapo. Lehemu miguu yote, hata ile inayoonekana mizima.

Kwa zenye umeme wa ndani, pima fyuzi ya kioo. Ikiwa imekatika kwa uzi mwembamba na kioo ni safi, huenda ni kishindo cha umeme uliporudi. Badilisha mara moja kwa ampea ile ile. Ikiwa kioo kimepakaa weusi, kuna kitu kimegusana ndani, na fyuzi mpya itaungua papo hapo. Tafuta diodi iliyokufa: zipo nne zimepangwa pamoja, na kila moja inapaswa kupitisha upande mmoja tu. Inayolia mlio pande zote mbili ndiyo hiyo. Kapasita zenye kichwa kilichovimba nazo zibadilishe. Kuunganisha waya mtupu badala ya fyuzi ni kuita moto ndani ya nyumba; ukimwona fundi akifanya hivyo kwenye kifaa chako, kichukue uondoke.

Taa zinawaka, panga halizunguki

Zungusha panga kwa mkono, feni ikiwa imezimwa. Likiwa zito, fungua nyuma ya mota. Utakuta nywele zimejisokota kwenye shafti na vumbi lililoshikana na mafuta makavu. Safisha kwa brashi, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye bushi ya mbele na moja nyuma. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi baada ya wiki chache, usiyatumie.

Likiwa jepesi, washa feni na uigeuze shingo polepole kushoto na kulia kwa mkono. Ikishtuka na kuzunguka ukifika upande fulani, waya umekatikia shingoni. Feni inayogeuka geuka usiku mzima hukunja nyaya hizo mamia ya mara, na shaba hukatika ndani huku plastiki ya nje ikibaki nzima. Badilisha kipande chote kwa waya laini wenye nyuzi nyingi, na uache urefu wa ziada ili usivutike.

Ikizunguka kwa spidi moja tu ya juu hata ukiiweka chini, tranzista inayodhibiti mota imegusana. Mpe fundi wa bodi. Ni spea ndogo. Na fundi akikwambia "kapasita ya feni imekufa" kama anavyosema kwa feni ya darini, mwulize anaiona wapi. Mota za feni hizi za betri ni za umeme wa moja kwa moja (DC), hazina kapasita hiyo.

Feni ndogo za lithiamu

Seli moja ikijaa ni volti 4.2. Ukiikuta chini ya 2.5, usiichaji tena. Iliyovimba usiifungue, usiitoboe, usiilehemu. Itoe nje ya nyumba, mbali na kitu kinachoweza kushika moto. Wapo wanaong'oa betri ya risasi kwenye feni kubwa na kuweka seli tatu za lithiamu mahali pake kwa sababu ni nyepesi. Seli tatu zikijaa ni volti 12.6, na chaja ya risasi itazipeleka 13.8 au zaidi. Zinaweza kuwaka. Hilo lisifanyike bila kubadilisha chaja na kuweka bodi ya ulinzi.

Seli za duara za milimita 18 kwa 65 zilizo nzuri huwa na uwezo wa takriban mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji inayohifadhiwa) 2000 hadi 3500. Inayoandikwa 9900 inadanganya, hata ikiwa na rangi ya kuvutia.

Kununua na kufunga betri

Nenda na betri ya zamani mkononi. Linganisha volti, ampea-saa, vipimo vya mwili na upande ilipo chanya. Kisha ipime uzito kwa mkono: ya volti 12 ampea-saa 7 iliyo halali huwa zaidi ya kilo mbili. Nyepesi sana ina risasi kidogo ndani, chochote kinachosemwa na stika. Mwambie muuzaji, "Kaka, nipimie na mita kabla sijalipa." Ikisoma chini ya 12.4 imekaa rafuni muda mrefu bila kuchajiwa, omba nyingine.

Wakati wa kufunga, nyekundu iende kwenye chanya. Ukigeuza, diodi au bodi nzima inaungua mara moja. Ichaji hadi ijae kabla ya kuitumia, na saa ya kwanza uguse kitako: uvuguvugu ni sawa, joto linalokufanya utoe mkono siyo sawa, chomoa. Baada ya hapo ichaji kila ukimaliza kuitumia, na hata msimu wa baridi wa Juni na Julai inapokaa kabatini, itoe uichaji kila mwezi.

Betri ya zamani usiivunje ili kutoa risasi, wala usiruhusu watoto waichezee. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto na asidi inachoma macho. Izungushie tepu kwenye vichwa, uiuze ikiwa nzima kwa wanaonunua betri chakavu.